Uzoefu wangu na mwendokasi wa Kimara–Kivukoni: barabara naisifu, tatizo ni muda kati ya basi na basi

Naanza na barabara yenyewe, maana ndiyo kitu bora kuliko vyote kwenye mradi huu wa mabasi yenye njia yao peke yao, Dar es Salaam. Kimara mpaka Kivukoni ni kama kilomita 16. Ukijumlisha tawi la barabara ya Kawawa kwenda kituo cha Morocco na la mtaa wa Msimbazi kwenda Gerezani, awamu ya kwanza yote inakaribia 21. Njia ya mabasi imepita katikati, ina kingo za zege, na vituoni inapanuka ili basi la moja kwa moja lilipite lile lililosimama. Nauli unalipa kabla ya kupanda, milango iko upande wa kulia, sakafu ya kituo iko usawa mmoja na ya basi. Vyote hivyo vimewekwa kwa kazi moja tu: basi lisimame sekunde 20, lifunge milango, liondoke.

Lakini lazima basi liwepo.

Wenye magari wana lalamiko lao: wamekwama Manzese huku njia ya mwendokasi iko tupu. Hebu tupige hesabu. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo cha mpira katikati, linabeba watu kama 150. Yakipita kila baada ya dakika mbili ni mabasi 30 kwa saa, yaani watu 4,500 kwa upande mmoja. Na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, dakika mbili ni kilomita moja. Kwa hiyo hata siku kila kitu kikienda sawa, aliye kwenye foleni ataona kilomita nzima ya lami haina kitu. Njia yake yeye, kwa mataa yale, ikipitisha magari 700 kwa saa na kila gari lina watu wawili (nakisia kwa ukarimu, wengi wako peke yao), ni watu 1,400.

Sasa geuza: basi moja kila dakika 15. Ni mabasi manne kwa saa, watu 600. Hapo njia ya magari imeishinda njia ya mwendokasi, na mwenye gari ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana nasema sera ya kutenga njia inasimama au inaanguka kwa idadi ya mabasi, si kwa ukubwa wa faini kwa wanaoivamia njia hiyo. Mahitaji ya awamu hii yalitajwa kuwa mabasi 305. Huduma ilianza Mei 2016 na 140.

Uingereza nako ilitokea. Njia ya mabasi na teksi kwenye barabara kuu ya M4 kuingia London ilifunguliwa 1999, ikasimamishwa mwishoni mwa 2010, na kelele kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya njia tupu. Wakati mbele yake barabara ilikuwa inabana kutoka njia tatu hadi mbili kwenye sehemu ya juu ya nguzo, kwa hiyo foleni ingekuwepo tu.

Uhaba wa mabasi una ugonjwa mwingine ambao abiria wengi wanamsingizia dereva. Basi likichelewa dakika tano, kituo kinachofuata kimeshajaa. Watu wanasukumana, begi linabanwa mlangoni, mlango unafunguka tena, zile sekunde 20 zinakuwa dakika nzima. Linazidi kuchelewa, na mbele linakuta watu wengi zaidi. La nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa, linalifikia. Ndiyo unasubiri nusu saa halafu yanakuja matatu yameongozana, la kwanza watu wananing'inia, la tatu lina viti.

Bodaboda na bajaji ndani ya njia ni hatari kuliko zinavyoonekana. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria waliosimama wote wanahamia mbele. Magari ya wagonjwa na zimamoto sina neno nayo, lakini gari la mkubwa lenye taa za dharura ni boda tu lenye kiyoyozi. Na kwenye makutano ya Magomeni na Fire, trafiki akishika mwenyewe kuongoza magari, basi lenye watu 150 linasubiri zamu sawa na gari lenye mtu mmoja.

Kwa anayeanza kutumia: soma ubao wa mbele ya basi kabla ya kuingia, kwa sababu la moja kwa moja linaruka vituo, na ukikosea utashushwa mbali. La Gerezani linakata kona Fire. Ukienda Posta subiri la Kivukoni. Kadi iongeze salio mchana, asubuhi dirishani hakuna chenji. Ukitaka kiti, panda Kimara. Ukipandia Shekilango au Urafiki asubuhi, jiandae kuona mawili matatu yakipita yamejaa. Simama pembeni ya mlango, waache wanaoshuka washuke kwanza, simu iwe mkononi au ndani kabisa.

Na mvua kubwa ikinyesha usiku, uliza hali ya Jangwani kabla ya kukata tiketi. Mto Msimbazi ukipanda juu ya barabara, mabasi ya kutoka Kimara huishia Magomeni, na kutoka hapo kwenda mjini unajitegemea.