Kambi ya siku nne ya kuwaandaa watoto kuomba nafasi za chuo hapa Houston: uzoefu wangu

Nililipa dola 240 kwa awamu mbili, na ile awamu ya pili niliichomoa kwenye hela ya kodi ya nyumba. Nalitanguliza hilo kwa sababu wazazi wenzangu kila tukikutana swali ni moja: "Ile kambi inafaa?" Inafaa. Kwa binti yangu ilifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Ila kuna sehemu moja waliyoiharibu, nami nitaieleza bila kuficha. Jina lao naliacha, maana tumeshakaa tukazungumza na wameahidi kurekebisha.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nafanya kazi ya usiku hospitalini, upande wa Medical Center. Binti yangu mkubwa aliingia darasa la 12 Agosti ya mwaka jana, mwaka wa mwisho wa sekondari kwa hesabu za huku. Kwetu mtoto akimaliza kidato cha sita mnasubiri matokeo ya NECTA, mnaangalia ufaulu, mnaomba vyuo, mnahangaika na bodi ya mikopo. Alama ndizo zinazosema. Marekani alama ni mlango tu. Chuo kinataka kujua mtoto anafanya nini akitoka shule, walimu wake wanamwonaje, na kinataka ajieleze mwenyewe kwa insha isiyozidi maneno 650. Shuleni kwao yupo mshauri, mtu mwema kabisa, lakini ana watoto wengi mno na dakika chache mno.

Kambi ilikuwa mwishoni mwa Julai, Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, kwenye ukumbi mmoja kusini magharibi mwa jiji. Watoto 22, walimu wanne. Walipanga wakati huo kwa sababu Common App, ile tovuti ambayo fomu moja inapokelewa na vyuo zaidi ya 1,000, hufungua msimu mpya Agosti 1. Mtoto akifika siku hiyo karatasi zake zikiwa tayari, shule inapofunguliwa anabaki na masomo yake. Akichelewa, Oktoba inamkuta ana mitihani, insha na barua za walimu kwa mpigo, na tarehe ya kwanza ya kufunga kwa vyuo vingi ni Novemba 1.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchagua vyuo, na hapo nilijifunza jambo ambalo kila mzazi wa Texas anapaswa kulijua. Kuna sheria ya jimbo ya mwaka 1997: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake anapokelewa moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma vya Texas, akitimiza masharti mengine na akiomba kwa wakati. Chuo cha Austin (University of Texas at Austin) peke yake kinaruhusiwa kuweka kiwango kikali zaidi. Kilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia vuli ya 2026 kimeshuka hadi asilimia 5. Binti yangu yuko kwenye asilimia 9. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa ndugu kwamba Austin ni yake. Mwalimu akachora mstari ubaoni, akaonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje, kisha akaongeza neno ambalo nusu ya ukumbi hatukulijua: sheria inakupa nafasi ya chuo, haikupi kozi. Unaweza kupokelewa moja kwa moja ukakosa uuguzi au uhandisi, kwa sababu kozi hizo zina mchujo wake. Binti yangu anataka uuguzi. Orodha tuliyokuja nayo tukaichana siku ile ile, tukaandika nyingine.

Siku ya pili sitaisahau. Wazazi hatukualikwa, lakini nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, nikaona nikirudi nyumbani usingizi utanishika nishindwe kumfuata. Nikaomba kiti nyuma. Walikuwa wanajaza sehemu ya shughuli. Common App inakupa nafasi 10, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Binti yangu alikuwa ameandika tatu: kwaya, klabu ya sayansi, mbio za mita 400. Nafasi saba zilikuwa tupu, na kando yake kijana mmoja alikuwa amejaza zote.

Mwalimu, mama mtu mzima aliyefundisha sekondari miaka mingi, akavuta kiti akakaa naye.

"Ukitoka shule unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Naenda nyumbani."

"Nyumbani unafanya nini?"

Mtoto akanyamaza, akageuka kuniangalia. Kisha akaanza, taratibu. Kwamba anampokea mdogo wake kwenye kituo cha basi. Kwamba anampikia, anamkalisha chini kwa hesabu na kusoma. Kwamba bibi yao, mama yangu mzazi, ana kisukari, na yeye ndiye anayempima asubuhi na jioni na kuandika namba kwenye daftari. Mwalimu alikuwa anaandika pembeni: saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, tangu lini. Ikafika saa 20 kwa wiki, tangu darasa la tisa. Akamwonyesha kwenye menyu ya aina za shughuli: majukumu ya kifamilia yamo, yameandikwa kabisa, sawa na mpira na sawa na kwaya.

Nakiri kilichonipata pale. Kwanza nilitaka kusimama nimzuie. Mtoto wangu nimemlea kwa "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Kumlea mdogo wako na kumtunza bibi yako si jambo la kutangazia watu, ni wajibu. Na mambo ya ndani ya nyumba hayaanikwi barabarani. Lakini nilivyomsikia anahesabu zile saa moja moja, nikatambua kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuzihesabu. Kila jioni naondoka nikijua nyumba iko salama, na sikuwahi kukaa nikasema ni nani anayeifanya iwe salama. Waliandika kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili chetu ilikuwa hivi: "Nampokea mdogo wangu kituoni, nampikia, namsomesha, nampima bibi sukari mara mbili kwa siku, mama yuko kazini usiku." Hakuna sifa hata moja ndani yake. Nililia, na yule mwalimu akaniletea kahawa bila kusema neno.

Kwa ile siku peke yake ningelipa tena dola 240. Watoto wetu wengi wako hivyo. Hawana safari za kujitolea ng'ambo, hawana masomo ya piano, na wanajiona hawana cha kuandika, kumbe wamebeba nyumba. Anahitajika mtu wa nje mwenye subira ya kuuliza swali la pili na la tatu.

Insha nayo ilitokana na mazungumzo yale. Rasimu yake ya kwanza ilihusu siku tuliyotua Marekani akiwa na miaka sita. Mwalimu alisema safari ya ndege inaandikwa na wengi, akamwuliza lile daftari la namba za bibi lina nini. Lilikuwa na mengi. Mwaka mmoja uliopita mtoto alikuwa amegundua kwamba kila Jumatatu asubuhi sukari ya bibi inakuwa juu, akalinganisha, akaona ni wali wa nazi wa Jumapili. Akaanza kumpunguzia wali na kumwongezea mchicha, na namba zikaanza kushuka kidogo kidogo. Insha ikawa ndiyo hiyo: daftari, wali, na kwa nini anataka kuwa muuguzi. Alimwomba bibi ruhusa kabla ya kuituma, jambo lililonifurahisha sana. Mama akamwambia, "Andika mjukuu wangu, ila sema pia kwamba wali ulikuwa mtamu." Na sentensi hiyo imo.

Mwalimu hakumwandikia hata mstari mmoja. Alipiga mistari kwa penseli chini ya sehemu zisizoeleweka na kuuliza maswali. Nasisitiza kwa sababu kuna watu wanawatoza wazazi maelfu ya dola na kuwaandikia watoto insha. Huo ni udanganyifu, na mtoto akijulikana anaweza kunyang'anywa nafasi.

Kuhusu SAT, mtihani ambao watoto huufanya kwa ajili ya kuomba vyuo, hawakutuuzia kitu. Walisema mtihani sasa unafanywa kwa kompyuta, mazoezi ya Khan Academy ni ya bure, na majaribio kamili yamo kwenye programu ya Bluebook ambayo ndiyo hiyo hiyo ya siku ya mtihani. Wangeweza kutuingiza kwenye kozi ya hela nyingi, hawakufanya hivyo. Walituambia pia kwamba mtoto anayestahili chakula cha bure shuleni anaweza kusamehewa ada ya SAT na ada za maombi ya vyuo. Kwa vyuo saba, kwetu msamaha huo peke yake ulizidi hela ya kambi.

Sasa lawama. Jioni ya Alhamisi ilikuwa ya wazazi, mada ni fedha. Dakika 45 tu. Mambo yote ya hela, ambayo ndiyo yanayotunyima usingizi, dakika 45, kwa Kiingereza na Kihispania. Ukumbini tulikuwa na familia tano za Kongo. Mama mmoja wa Bukavu aliyekaa pembeni yangu alikuwa anaandika namba anazoziona kwenye skrini bila kujua ni za nini. Akaninong'oneza: "Mama, ile makuta watatupatia, ni deni ao ni ya bure?"

Makuta kwao ni hela. Hilo ndilo swali lenyewe, na hakuna aliyelijibu mbele. Nikamweleza kadiri ninavyojua. Pell Grant, ruzuku ya serikali, ni ya bure, hairudishwi, na kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi una kikomo cha dola 5,500, na huo ni deni kweli kweli. Ipo na kazi ya chuoni, ambayo mtoto analipwa kwa saa alizofanya. Barua ya chuo inaweza kuziandika zote kwenye orodha moja na kujumlisha chini, mzazi akaona namba kubwa akashangilia, kumbe sehemu yake ni mkopo. Mama yule alinishika mkono akasema wa kwake wa kwanza alisaini bila kujua.

La pili ni karatasi waliyotugawia kuhusu FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo. Ilisema wazazi wakiwa wametengana, anayejaza ni yule ambaye mtoto anaishi naye zaidi. Hiyo ni kanuni ya zamani. Tangu fomu ya 2024/25, anayejaza ni mzazi aliyetoa zaidi matumizi ya mtoto katika miezi 12 iliyopita. Mimi na baba yake tulitengana, yeye yuko Dallas na anatuma hela. Nilipofika kwenye ukurasa huo Oktoba, saa sita usiku siku yangu ya mapumziko, fomu ikawa inasema hivi na karatasi inasema vile. Ilibidi nikae na risiti siku mbili mpaka nihakikishe kwamba mchango wangu ni mkubwa zaidi. Kwangu jibu lilibaki ni mimi. Kwa mwenzangu lingeweza kugeuka, na mtoto akapata msaada usio sahihi. Niliwaandikia, wakajibu siku ya tisa.

La tatu, CSS Profile hawakuitaja kabisa. Ni fomu nyingine ya fedha, tofauti na FAFSA, inayotakiwa na vyuo vingi binafsi. Rice inaitaka, na Rice iko hapa hapa, kila asubuhi treni yangu inapita kwenye kituo chake. Ni chuo chenye msaada mkubwa kwa familia za kipato chetu, na binti alikuwa amekiweka kwenye orodha. Tuliigundua Desemba, na tuliijaza kwa mbio. Kwa kipato chetu haina ada, na hilo nalo tulilijua pale pale kwenye fomu.

Kwa hiyo nawapa nyota nne kati ya tano kwa kazi ya watoto, na mbili kwa kazi ya wazazi. Mwenye mtoto anayesema "mimi sina cha kuandika", ampeleke, na aombe mapema msamaha wa ada ya kambi. Wanao, ingawa hawautangazi, na mimi niliujua nikiwa nimeshalipa. Mwenye mtoto ambaye insha yake iko tayari na anahitaji msaada wa fedha tu, asilipe. Aingie mwenyewe StudentAid.gov, au aulize shuleni na maktaba kama wana usiku wa FAFSA wa bure. Huku Texas mtoto anatakiwa awe amejaza FAFSA au TASFA (fomu ya jimbo kwa wasioweza kujaza FAFSA), au mzazi awe amesaini fomu ya kukataa, ndipo ahitimu, kwa hiyo shule zenyewe zinataka mzijaze.

Februari walinipigia kuniuliza kama nitawaandikia maoni. Nikawaambia haya haya, moja baada ya jingine. Wamekubali jioni ya wazazi ichukue saa tatu nzima, na wameniomba nije kutafsiri. Nimeshabadilisha zamu yangu ya Alhamisi hiyo ya Julai, na yule mama wa Bukavu amesema atakuja na wenzake wanne.