Defender na Autoruns: uzoefu wangu wa kung'oa mlango wa nyuma kwenye laptopu

Kwa mwenye haraka: Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows, ilikamata kirusi, lakini Autoruns, zana inayoonyesha vinavyojiwasha, ndiyo iliyonionyesha kwa nini kilikuwa kinarudi. Zote mbili ni za bure, gharama yangu ilikuwa bando tu.

Ninachapa na kuprintia watu nyaraka hapa Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu ni madereva wa malori, mawakala wa forodha na wanafunzi, na karibu kila mmoja anakuja na flashi yake. Laptopu ni yangu binafsi. Niliinunua ikiwa imeshatumika, Windows 10 na Office vikiwa tayari ndani.

Tatizo lilionekana kwenye flashi. Mteja akichomeka, folda zake zinageuka kuwa njia mkato. Ukibonyeza, folda inafunguka kama kawaida, kumbe wakati huohuo kuna programu imeamshwa kimyakimya. Folda halisi haijafutwa, imefichwa. Amri hii ndiyo iliyoniokoa mbele ya wateja, E ikiwa ni herufi ya flashi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Kisha taa ya kamera ikaanza kuwaka wakati sina mazungumzo ya video na mtu yeyote.

Fundi akaniambia, "Dada, hiyo ni kufomati tu, hakuna dawa nyingine." Kufomati sawa, lakini bila kujua mdudu kakaa wapi na nani alimfungulia, flashi ya kesho asubuhi inamrudisha.

Defender ilikitaja kwa jina: Backdoor:MSIL/Bladabindi. Backdoor ndiyo mlango wa nyuma, programu inayomwingiza mtu wa mbali kwenye kompyuta yako. Wengine wanakiita njRAT. Ni cha siku nyingi. Mwaka 2014 Microsoft walikwenda mahakamani Marekani hadi wakapewa udhibiti wa anwani za No-IP, kampuni inayotoa anwani za intaneti, zilizokuwa zikitumiwa kukiendesha. Kikishaingia, aliye upande wa pili anaweza kusoma kila unachoandika, kufungua kamera na kuchukua mafaili. Mtu ambaye laptopu yake imejaa nakala za vitambulisho vya wateja hawezi kulichukulia hilo kirahisi, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019.

Sasa kioja. Defender ilikuwa inasafisha flashi kila mara, lakini ukiichomoa na kuichomeka tena, kirusi kipo. Nikafungua mipangilio yake, nikakuta orodha ya vitu ambavyo imeagizwa isiviguse, na humo kuna folda nzima ya AppData, ambamo programu huweka vitu vyake. Mimi sikuiweka. Programu zinazotumika kuamilisha Office ya wizi zina tabia hiyo: zinaiziba macho antivirusi ili zenyewe zisikamatwe, na mwingine yeyote anapita palepale. Antivirusi haikuwa na kosa. Ilikuwa inatii amri.

Hapo nikapakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni mojawapo ya zana za Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996, Microsoft wakainunua 2006. Faili ni dogo na haihitaji kusakinishwa. Inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows. Orodha ni ndefu mno, kwa hiyo kwanza ficha vya Microsoft vyenyewe, kisha iruhusu ilinganishe vilivyobaki na VirusTotal, tovuti inayopima mafaili kwa antivirusi nyingi.

Mstari wangu ulikuwa wa pinki, bila jina la mtengenezaji. Jina lake lilikuwa mchanganyiko mrefu wa herufi na namba, ukielekeza kwenye svchost.exe ndani ya AppData\Roaming. Svchost ya kweli ni faili la Windows yenyewe, na inakaa C:\Windows\System32. Nakala nyingine ilikuwa kwenye folda ya Startup. Nikaondoa tiki, nikaonyesha upya orodha, mstari ukarudi papo hapo, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa bado inakimbia na kujiandika upya. Usiiue kwa pupa, kuna matoleo yanayoangusha Windows nzima ukiyazima kwa nguvu. Zima intaneti, washa kompyuta katika hali salama (Safe Mode), ambako mistari ya aina hiyo haiamki, ndipo ufute mstari na faili. Nikafuta pia ruhusa iliyokuwa imejipatia kwenye ngome ya moto (firewall), nikaondoa AppData kwenye ile orodha, nikamaliza na skani ya Defender ya nje ya mtandao, inayofanyika kabla Windows haijaamka. Hifadhi kazi zako kwanza na ujaze betri, maana umeme wa huku haupigi hodi ukiondoka.

Autoruns naisifu, ila simpi kila mtu. Haikuelezi lolote. Dereva ya printa yangu ya zamani, yaani programu inayoiendesha, nayo ilikuwa ya pinki, na haina kosa. Anayefuta kila chenye rangi atajikuta hana printa, au hana Windows.

Nenosiri zote nilibadilisha kwa simu, si kwa laptopu ile. Na mwishowe nilifomati, ndiyo, maana mlango ukishakuwa wazi huwezi kujua ni kipi kingine kiliingizwa, na Windows 10 yenyewe iliacha kupewa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi akataka kunirudishia Office ileile ya bure. Nikamwambia aniachie, nikaweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali. Barua na CV inafungua vizuri; majedwali ya Word yenye nembo ndiyo yanayumba kidogo, na mwenye nyaraka za namna hiyo namwomba anitumie PDF.