Gereji iliyokata sensa nzima ya oksijeni: uzoefu wangu

Sitaitaja gereji kwa jina. Iko Mjini, na wenye Toyota za zamani wanaelekezwa pale kwa sababu ina mashine ya kusomea kodi, yaani namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. Mashine wanayo kweli. Kupima hawapimi.

Gari yangu iliwasha taa ya injini, mashine ikatoa kodi P0135. Kijana wa gereji akatazama kioo cha mashine, akachomoa waya, akasema, "Oksijeni sensa imekufa, mzee. Tunayo moja hapa." Nikamuuliza kama ameipima hita. "Mashine ishasema. Au wewe ndiyo fundi?" Kauli hiyo bado imenikaa kooni.

Sensa ya oksijeni ni kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, na hita yake ni ya kuipasha moto. P0135 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema umeme haupiti sawasawa kwenye hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi. Kosa laweza kuwa la hita, la fyuzi, la waya au la plagi, na multimita, kile kipima umeme cha mkononi, hukujulisha kwa dakika chache. Injini ikiwa imepoa, chomoa plagi, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa nyaya mbili nyeusi za hita. Sensa ya kawaida ya Toyota yenye nyaya nne husoma omu 11 hadi 16 kwenye joto la nyuzi 20. Kwa jua letu la mchana ikizidi kidogo usishtuke. Isiposoma kitu, hita imekatika, nunua sensa. Ikisoma vizuri, hamia upande wa gari: washa swichi bila kupiga stati, tafuta volti 12 kwenye waya wa umeme. Usipozikuta, rudi kwenye fyuzi na relei, ile swichi inayowashwa kwa umeme.

Sensa waliyoitoa nimeipima: omu 13. Nzima! Kibovu kilikuwa pini moja ya hita kwenye plagi ya upande wa gari, imeota kutu ya kijani na kuliwa mpaka imekonda kama sindano. Fundi wa kisiwani anatakiwa aanzie hapo hapo, maana chumvi inakula plagi za gari zetu zote, na zinazolala karibu na bahari ndiyo zaidi.

Yote hayo ningeyameza, lakini nyaya hapana. Sensa waliyoifunga ni ya mtumba, ya kampuni ya NTK: nyaya mbili nyeupe za hita, nyeusi ya ishara inayokwenda kwenye kompyuta ya gari, na kijivu ya ethi (ya kurudisha umeme). Iliyotoka ni ya kampuni ya Denso, ambayo hita ni nyeusi mbili, ishara ni buluu, ethi ni nyeupe. Wao wakaikata plagi ya sensa ya zamani, wakaunga nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, mbili zilizobaki kwa kubahatisha. Kwa hiyo waya wa ishara, ambao kwa kawaida haubebi hata volti moja, wameutia kwenye njia ya hita ya volti 12. Kisha wakafuta kodi, taa ikazima, wakapokea pesa. Taa ya namna hiyo lazima izime, kwa sababu kompyuta mara nyingi husubiri ilione kosa katika safari mbili ndipo iiwashe tena. Wakati huo wewe ushafika kwako.

Na viungo wamevilehemu! Sensa hizi huvuta hewa safi ya kulinganishia kwa ndani ya nyaya zake, katikati ya nyuzi za shaba. Ukilehemu, umeiziba pumzi. Ukijaza grisi kwenye plagi, hali kadhalika. Waya ukilazimika kuungwa, tumia kiungio cha kubana.

Hata kama hawana imani na omu, wangeiacha injini ipate moto, waishike kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, watazame volti za ishara. Sensa nzima hupanda na kushuka baina ya 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Ikiganda chini, puliza kabureta klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo tu kwenye njia ya hewa. Ikiruka hadi 0.8, sensa iko hai, kosa liko kwingine. Tafuta hosi ya vakyumu iliyopasuka, au gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuta hewa kabla ya sensa.

Pini imebadilishwa, sensa ya zamani imerudi kwa viungio vya kubana, taa imetulia.

Kwa haki, breki na bushi wanazifanya vizuri na bei zao si mbaya. Nilikusudia kuandika kwamba muwapelekee kazi za chini ya gari, umeme msiwape. Lakini kila nikiukumbuka ule waya mweusi naona hapana: fundi anayekata kabla ya kupima sitompa hata breki. Kodi wakusomee, ni rahisi kwao. Iandike, uondoke na sensa yako ikiwa mahali pake.