Sponji, fremu za rokiwuli na godoro la sufi: uzoefu wangu wa kutuliza mwangwi wa chumba

Kwa miaka minne nimekuwa nikirekodi sauti za matangazo na vitabu vya kusikiliza katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Tanga. Chumba kina urefu wa mita 3.4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, kuta ni za matofali ya saruji, sakafu ni ya marumaru na dari ni ya jipsamu. Kilipokuwa kitupu, ukipiga kofi moja ulisikia mlio wa kutetemeka ukifuatia, kama njiwa anayeruka ghafla kutoka darini. Mteja mmoja alinirudishia kazi yangu na maneno haya: "Sauti nzuri, ila unasikika kama uko bafuni."

Mwaka jana nikanunua sponji 24 zenye vinundu vya piramidi, kila moja sentimita 30 kwa 30, unene wa inchi moja, kwa jumla ya shilingi 144,000. Muuzaji, kijana mwenye lugha tamu, alinihakikishia: "Kaka, ukishabandika hizi, hata pikipiki ikipita dirishani hutaisikia." Kauli hiyo ingepaswa kunifanya nirudishe pochi mfukoni, kwa kuwa kufyonza mwangwi uliomo chumbani na kuzuia kelele za nje ni kazi mbili tofauti kabisa. Kinachozuia kelele ni ukuta mzito na mianya iliyozibwa. Sponji unayoweza kupuliza pumzi ikatokea upande wa pili haina uwezo huo. Nilinunua hata hivyo.

Nilipozibandika, mlio wa njiwa ulitoweka, na kwa hilo siwezi kuzilaumu. Lakini nilipoisikiliza rekodi kwa makini niligundua kwamba sauti imekuwa butu bila kuwa safi: herufi kama "s" na "sh" zilikuwa zimefifia, ilhali kila neno lenye "u" au "o" lilizidi kuvuma kifuani mwa chumba. Pikipiki, naam, ziliendelea kupita.

Wenzangu wa kazi hii wamegawanyika kuhusu bidhaa hizi. Wako wanaosema ni utapeli mtupu, na wako wanaoapa kwamba hawawezi kurekodi bila hizo. Binafsi naona pande zote mbili zinabishania jina la bidhaa badala ya unene wake. Kwamba kitu laini hupunguza mwangwi si jambo la kubishaniwa tena: mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara usiosikika vizuri, akawa anahamishia humo usiku matakia ya viti vya ukumbi mwingine na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Kipimo alichokitumia kulinganisha uwezo wa kufyonza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Kwa sisi wa nchi za joto dirisha wazi ni dawa ya bure, ila jenereta la jirani nalo huingia kwa mlango uleule.

Kinachoamua matokeo ni jinsi sauti inavyofyonzwa. Hewa inayotikisika hupita katikati ya nyuzi au vitundu, msuguano ukaugeuza mtikisiko huo kuwa joto dogo mno. Pale hasa ukuta ulipo hewa haisogei. Husogea zaidi kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi la sauti kutoka ukutani. Kwa sauti ya hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde, robo hiyo ni takriban sentimita 3, na inchi moja ya sponji inaikaribia. Kwa hezi 100, eneo la sauti nzito ya mwanamume, robo ya wimbi ni karibu sentimita 87. Sponji yangu ilikuwa imejibanza mahali ambapo sauti hiyo haikuwa na kitu cha kunyang'anywa. Hata ile namba ya ufyonzaji inayoandikwa kwenye maboksi, ifupishwayo NRC, ni wastani wa hezi 250, 500, 1,000 na 2,000 tu, kwa hiyo bidhaa inaweza kujisifu kwa namba nzuri huku besi ikiwa haimo kabisa katika hesabu.

Hatua ya pili ilikuwa rokiwuli, ile pamba ngumu itokanayo na mawe yaliyoyeyushwa. Seremala alinitengenezea fremu nane za sentimita 60 kwa 120, zenye kina cha sentimita 10, nikaziweka mbali na ukuta kwa sentimita 10 nyingine. Kila moja ilinigharimu kama shilingi 55,000. Ukiikata vaa glavu na barakoa. Mimi nilijidai na mikono ikaniwasha siku mbili. Kitambaa cha kufunikia nilikichagua kwa kukiweka mdomoni na kupuliza. Kitenge kizito kilinigomea, kanga ikapitisha pumzi bila taabu. Doti nne zikatosha, na mke wangu akahakikisha majina ya kanga yote yanaitazama maikrofoni.

Kwa kipimo cha programu ya Room EQ Wizard, muda wa mwangwi katika sauti za kati ulishuka kutoka sekunde 1.1 hadi takriban 0.45. Mvumo wa besi ulipungua lakini haukwisha, mpaka nilipolisimamisha kwenye pembe la chumba godoro la sufi la marehemu bibi, nene na zito, ambalo nilikuwa nimekusudia kulitupa. Nilirekodi aya moja kabla na baada yake, nikampa mke wangu asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Alichagua ya pili mara tano kati ya tano.

Nilijaribu pia kuwasha kipande cha sponji uani. Kilishika moto kabla sijaondoa kiberiti, kikatoa moshi mweusi na kudondosha matone yanayowaka, ingawa boksi lilidai kwamba haishiki moto. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya namna hii ukutani, na watu 100 wakafa. Rokiwuli haiwaki.

Baada ya msimu mmoja wa joto gundi ilianza kuachia. Sponji tisa zilianguka na kubandua rangi ya ukuta, nikazitoa zote. Fremu na godoro bado vipo, na jenereta la jirani likiwaka nasubiri hadi baada ya isha ndipo nirekodi.