Bango kubwa kwenye tofali za kuchoma bila skrubu kuonekana: fundi wa pili ndo kaniokoa

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke mapema: nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia mwenyewe, sababu yake ipo huko chini na ina mabawa.

Nina kaduka ka keki hapa Iringa, ukuta wa mbele ni tofali zetu zile nyekundu za kuchoma, sikutaka plasta wala rangi maana huo ukuta ndo sura ya duka. Bango nililotaka ni alukobondi nyeupe (ile bodi ya plastiki iliyobanwa kati ya ngozi mbili nyembamba za aluminiamu), shiti nzima ya mita 2.44 kwa 1.22, maandishi machache, na nisione kichwa cha skrubu hata kimoja. Mnayajua mabango yetu ya mtaani, skrubu imepita katikati ya herufi, mvua za msimu mmoja tu kila skrubu inalia machozi ya kutu mpaka chini. Mimi nauza kitu cha kula jamani, kutu mlangoni hapana.

Fundi wa kwanza simtaji. Alikuja na silikoni chupa kadhaa na tepu ya pande mbili ile nene ya kijivu, akanambia "dada hii inashika mpaka bodi za magari". Na ni kweli inashika, ila bodi ya gari ni laini na safi, ukuta wangu una mabonde na vumbi. Hakufuta hata kwa kitambaa, akabandika, akapiga piga kwa kiganja, akachukua hela yake akaondoka. Tepu za aina ile zinataka uso usafishwe kwa spiriti, ukandamizwe haswa, na nguvu yake yote inakuja baada ya kama saa 72. Usiku wa tatu upepo ukaja, asubuhi nakuta bango liko juu ya vyungu vyangu vya maua limekunja kona. Nikaligeuza nikaona mgongoni silikoni yote ipo palepale, imeng'ang'ania ngozi nyekundu ya tofali. Yani gundi haikuachia, tofali ndo liliachia. Hapo ndo nikaelewa kwamba kwenye tofali laini unaweza kununua gundi ya bei yoyote, mwisho wa siku umebandika kwenye vumbi.

Wa pili nilielekezwa na jirani, ana karakana ya aluminiamu na mabango. Huyu hakuja na gundi, alikuja na uzi, pimamaji na futi, akanisalimia kwa Kihehe "kamwene mama", akaanza kuugonga ukuta kwa vidole kama daktari wa kifua. Akachokonoa kiungio kimoja na bisibisi, ikatoka sementi kidogo halafu udongo. "Nyumba hii imejengwa kwa udongo, sementi ni ya kupambia tu, nikitoboa kwenye kiungio fisha itazunguka mpaka kesho." (Fisha ni kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu.) Kwa hiyo matundu yote kayaweka katikati ya tofali, mbali na kingo maana pembeni linapasuka. Na drili aliitoa kwenye kugonga akaacha izunguke tu, anasema tofali zetu zikigongwa tundu la milimita 8 linakuwa la 12. Kila tundu kalipuliza vumbi kwa mrija kabla ya kuweka fisha. Nilikaa kwenye stuli namwangalia, wateja wananisubiri ndani, mie niko kwenye drili.

Sasa utaalamu wenyewe. Shiti hakuiacha bapa. Kachonga mfereji wa V kwa nyuma kuzunguka pande zote, akakunja sentimita 5 kila upande, likawa kama treya ya kuokea iliyogeuzwa. (Hapa nililia kidogo, maana bango likabaki mita 2.34 kwa 1.12 na maandishi yangu nilishayapanga kwa shiti nzima, ikabidi tuyasogeze. Ukikunja unapoteza kingo, ulizeni mapema.) Ndani ya treya kaweka fremu ya aluminiamu, riveti zimepita kwenye ile kingo ya juu na ya chini, ukisimama mbele huzioni. Halafu kwenye fremu kafunga vyuma viwili virefu vya Z vinavyotazama chini, na ukutani vingine viwili vinavyotazama juu. Unalinyanyua bango, unalishusha, Z inaingia kwenye Z kama unavyotundika koti kwenye msumari. Basi, limekaa. Dakika moja, watu wawili, wakati shimo za ukutani zilichukua nusu siku nzima.

Kitu ambacho nisingekijua kamwe: lazima juu ya bango kuwe na nafasi ya kunyanyulia. Mimi nilitaka liguse kabisa mbao ya paa, akakataa, kaacha sentimita 4, la sivyo usingeweza kulipandisha ili lishuke kwenye Z. Na ukuta ulivyo na mawimbi, alivuta uzi kutafuta tofali lililotokeza zaidi, akajaza washa (vile vipete bapa vya skrubu) nyuma ya Z pale palipobonyea. Nikamwuliza si ukaze tu, akasema ukikaza chuma kitafuata mabonde ya ukuta, fremu itafuata chuma, na jioni jua likipiga kwa ubavu bango lako litaonekana kama maji ya bwawa. Alukobondi pia inatanuka na joto, kwa urefu huo ni kama milimita 2 kutoka baridi ya asubuhi mpaka jua la saa nane, kwenye Z lina pa kuteleza, kwenye gundi kavu na skrubu za kukaza halina.

Skrubu ipo moja, nakiri. Iko kwenye kingo ya chini inatazama ardhini, inazuia upepo usilinyanyue na vijana wa usiku wasilitundue. Kuiona lazima ulale chali kwenye kibaraza changu.

Bei ya kufunga tu ilikuwa karibu mara tatu ya yule wa silikoni, na aliniahidi siku mbili zikawa sita, simu anapokea ila "niko njiani mama" yake ni ndefu kuliko ya kwenda Mafinga. Ila toka afunge mvua zimepita, upepo wa Agosti umepita, halijasogea.

Sasa ile nyota ya tano. Nyuma ya bango kuna uwazi kama wa sentimita 3, giza, pakavu, pana joto, na duka linanukia sukari. Nyigu wamehamia. Wanatoka kwa juu, wanapita kichwani kwa mteja, wanaingia ndani kukagua keki. Alitakiwa aweke wavu mwembamba kwenye uwazi wa juu na pembeni toka mwanzo, kasema "nilisahau mama yangu", anakuja Jumamosi usiku wakiwa wamelala, hela hataki, kaomba keki ya ndizi. Nimeshamwokea.