Darasa la momo Parklands: pesa yako haipotei

Darasa hili la mapishi ya Kinepali linaendeshwa na akina mama wa mtaa, na ada inaishia mikononi mwao. Sababu nzuri ya kulipa, ila hata bila hiyo, mafunzo yenyewe yanastahili ada.

Muda mwingi unaenda kwa momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama vinavyoiva kwa mvuke. Unga wa ngano gramu 500, maji kama mililita 250. Kanda mpaka ulainike, kisha funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Aliyezoea chapati hukosa subira hapa, na unga usiopumzika hujirudi kila ukiusukuma. Kiduara kiwe chembamba pembeni, kinene kidogo katikati. Kikiwa chembamba kote, kitako hupasuka na supu yote, ambayo ndiyo utamu wenyewe, inamwagikia kwenye sufuria. Kabichi itiwe chumvi na kukamuliwa kabla ya kuchanganywa na kuku wa kusaga, la sivyo momo zinalegea. Paka chombo cha mvuke mafuta. Dakika 10 hadi 12 zinatosha.

Achari, mchuzi wa kuchovya momo, ni nyanya za kuchoma, simsim iliyokaangwa, kitunguu saumu na pilipili, vyote vikitwangwa kinuni. Timur, kiungo kinachotia ulimi ganzi, ni adimu Nairobi. Badala yake akina mama wanaweka pilipili manga na ndimu. Tamu, lakini si yenyewe.

Dal bhat, yaani wali kwa mchuzi wa kamande, inapitiwa mbiombio mno: kamande, wali, jira ya kukaangwa kwenye samli, basi. Na sufuria za mvuke ni chache, kwa hivyo ukikunja wa mwisho utakula wa mwisho.