Kipimo cha DNA kwa mbuzi: kinafanya kazi, ila uliza maswali kabla ya kulipa

Nafuga mbuzi wa maziwa, chotara wa Toggenburg, nje kidogo ya Masasi. Msimu wa korosho sote tunakuwa mashambani kuokota, na mbuzi wanajizungukia chini ya mikorosho wakila mabibo. Mabeberu yangu mawili, baba na mwanawe, yakapanda majike bila mpangilio. Miezi mitano baadaye watoto wote wakatoka kahawia na mistari myeupe usoni, kama baba, kama babu. Nitajuaje jike gani nisimrudishie baba yake?

Bwana mifugo akanitafutia maabara ya nje ya nchi inayopima DNA kwa nywele. Hukati kwa mkasi: unang'oa kishungi cha mkiani mpaka kitoke na mizizi, maana kinachopimwa kiko kwenye mzizi. Kila mbuzi bahasha yake ya karatasi, na namba ya hereni juu yake. Mfuko wa nailoni usiuguse, kwa joto la huku Kusini nywele zitapata unyevu na kuota ukungu. Damu ingetaka ubaridi njia nzima, nani ana muda huo? Mwenye ng'ombe pacha naye apeleke nywele, kwa kuwa damu za pacha huweza kuchanganyika wakiwa tumboni zikavuruga majibu. Kibali cha kusafirisha sampuli alishughulikia bwana mifugo, na hapo ndipo subira ilipohitajika.

Majibu ni jedwali la namba, kwa Kiingereza kitupu. Ukishaelekezwa si magumu: kila alama, yaani sehemu ya DNA inayopimwa, ina namba mbili, moja ya mama na nyingine ya baba. Ondoa ya mama, kisha mtafute beberu mwenye ile iliyobaki. Akiikosa kwenye alama moja maabara hawamfuti papo hapo, huenda ni badiliko la ghafla la DNA au kosa la usomaji. Akikosa kwenye kadhaa, si wake.

Kilichonishangaza ni mapacha wa jike mmoja: kila mmoja ana baba yake! Kumbe inawezekana, jike akiachia mayai zaidi ya moja na kupandwa na mabeberu wawili katika kipindi kilekile cha joto la kutaka dume.

Lawama yangu ni hii. Baba na mwana wana walau namba moja inayofanana kwenye kila alama, kwa hiyo kwa mtoto mmoja seti ya kwanza ya alama haikuweza kuwatenganisha. Wakataka alama za ziada, na malipo ya ziada. Fomu yao haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mabeberu ni ndugu. Wangeuliza mapema ningejipanga. Nyota tatu.

Kwa mbuzi wa kuchinja ni kutupa hela, gharama inakula faida yote. Kwa beberu wa mbegu ningelipa tena leo. Mnunuzi wangu wa Nachingwea aliisoma karatasi ya majibu kwanza, ndipo akaanza kupatana bei.